Ndege wa Kisiwa Chetu, Kamera na Maswali ya Wazee

 

 Katika toleo lililopita tuliandika juu ya mirathi, na tunawashukuru waliotuletea maswali. Safari hii mhariri alitutaka tuandike jambo jepesi, akalitaja mwenyewe: ndege. Tulicheka, kwa sababu tunajua alikolitoa. Kwa miaka sita sasa sisi tumekuwa tukionekana mara baada ya Sala ya Alfajiri tukipita mashambani na kamera shingoni, na watu wameshasema mengi. Wapo waliosema kuwa Maalim anapima viwanja. Wapo waliosema anatafuta mali iliyofukiwa na watu wa kale. Mzee mmoja wa upande wa Konde alitusimamisha njiani akatuuliza kwa heshima zake zote: "Maalim, huyo ndege ukishampiga picha, unamla?" Tulipomjibu kuwa hatumli, alitikisa kichwa akaenda zake bila ya kuaga.

Basi haya ndiyo majibu yetu, ingawa si mepesi kama mhariri alivyotaka.

Mambo yalianzia darasani. Tulikuwa tukisomesha kisa cha Nabii Suleiman (A.S.) katika Surat An-Naml, tukafika pahala pa hudhud, yule ndege aliyechelewa kuhudhuria kisha akaja na habari za Malkia wa Sabaa. Mtoto mmoja wa darasa la tatu akanyosha mkono: "Maalim, hudhud yukoje? Na sisi Pemba tunaye?" Tulimweleza kichwa chake chenye kilemba cha manyoya na mdomo wake mrefu uliopinda, kama tulivyosoma katika vitabu, lakini la pili lilitubakia. Stashahada yetu ya masomo ya Kiislamu ilitufundisha mengi, na ndege wa Pemba hawakuwemo. Mwaka ule ule ndugu yetu aliyekuwa akifanya kazi Muscat alirudi likizo na kamera kuukuu, ya zile zenye lenzi inayovuta mbali, akatuachia. Tukaanza kumtafuta hudhud. Mpaka leo hatujamwona kisiwani kwetu hata mara moja, lakini katika kumtafuta yeye tumewaona wengine ambao tulikuwa tukipita chini yao kila siku.

Kitabu tunachokitumia ni kile cha Stevenson na Fanshawe kinachoeleza ndege wa Afrika ya Mashariki, kilichotolewa mwaka 2002, chenye picha za kuchora za kila ndege. Humo ndimo tuliposoma jambo ambalo tulidhani kila mtoto wa Pemba angepaswa kulijua kabla ya kujua majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya. Kisiwa chetu hakifiki kilomita za mraba elfu moja, lakini kina aina nne za ndege ambao hawapatikani pahala pengine popote duniani: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba. Unguja, pamoja na ukubwa wake, haina hata aina moja ya namna hiyo. (Ndugu zetu wa Unguja watusamehe, wao wana mengine.)

Sababu yake ni bahari. Unguja imekaa juu ya bahari isiyo na kina kikubwa, na zama za kale maji yaliposhuka iliungana na bara, viumbe wakavuka kwa miguu. Baina ya Pemba na bara pana mkondo wa kina kirefu, mamia ya mita kwenda chini, kwa hiyo kisiwa hiki kilikaa peke yake kwa muda mrefu mno, na ndege waliofika wakaishi na kuzaana humu hadi wakawa na sura yao na sauti yao.

Chozi wa Pemba aliandikwa katika elimu ya ndege mwaka 1905 na Mjerumani aitwaye Reichenow. Kinengenenge aliandikwa mwaka 1924. Bundi aliandikwa mwaka 1937 na Mwingereza R. H. W. Pakenham, na huyo huyo akamwandika ninga mwaka 1940. Tunapowasomea wanafunzi tarehe hizi huwa tunawakumbusha kuwa kuandikwa ni jambo jingine na kujulikana ni jingine. Babu zetu walikuwa wakimsikia bundi huyu usiku kabla ya babu yake Pakenham kuzaliwa. Isipokuwa hawakumwandika, na lisiloandikwa hupotea na mwenye kulijua. Ndiyo maana katika matembezi yetu kila mwanafunzi ana daftari, na akirudi nyumbani huwauliza bibi na babu jina la ndege aliyemwona, kisha huliandika kama alivyolisikia pamoja na kijiji lilikotoka. Majina hayafanani, na watoto hubishana sana. Sisi huwaambia waandike yote.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kumtambua ndege si rangi tu, na wanaoanza wote huanza kwa rangi. Chukueni chozi. Dume lake linang'aa kama hariri nyeusi iliyotiwa kijani na zambarau, na jua likimpiga humwezi kusema ni rangi gani. Jike lake ni la kijivu cha kijani juu na manjano hafifu chini, wala hang'ai. Wanafunzi wetu walikwisha kuandika kuwa ni aina mbili mbalimbali, na wakagombana na aliyesema ni mtu na mkewe. Tulipata jawabu kwenye komamanga la nyuma ya madrasa, palipokuwa na kiota chao, kijifuko kinachoning'inia kwenye ncha ya kijiti, kilichoshonwa kwa nyuzi za buibui. Tulikaa mbali, tukapiga picha dume na jike wakiingiza chakula kwenye tundu moja. Ubishi ukaisha.

Kuna na kinyume chake. Pwani yetu ana yangeyange mwenye rangi mbili: mmoja ni mweupe wa sanda, mwengine wa kijivu cheusi kama wingu la masika. Hao si dume na jike, wala si mkubwa na mdogo. Ni ndege wa aina moja aliyeumbwa hivyo, na utawakuta wote wawili wanavua pamoja maji yakipwa. Kwa hiyo tunawafundisha watoto watazame umbo kwanza: mdomo ni mrefu au mfupi, umenyooka au umepinda, miguu, namna anavyotembea na anavyoruka, pahala alipo na saa gani, na juu ya yote sauti. Kinengenenge ni rahisi, manjano tupu na pete nyeupe machoni kama mtu aliyekosea kopo la wanja. Huja kwa makundi, na ukisikia mmoja basi wamo wengi. Mdiria wa mikokoni naye, mwenye mdomo mwekundu na mgongo wa buluu, akishaonekana mara moja hasahauliki. Ninga ndiye mtihani. Yeye ni wa kijani cha kijivu ndani ya majani ya kijani, hula matunda juu kabisa ya mti, na akihisi mtu hutulia tuli. Unaweza kusimama chini ya mti wenye ninga wanane ukaona majani tu, mpaka tunda likuangukie utosini.

Kupiga picha kuna adabu zake, na tunaziandika hapa kwa sababu vijana wengi sasa wana simu zenye kamera nzuri. Jua liwe mgongoni mwako. Saa mbili za mwanzo wa asubuhi ni bora kuliko mchana mzima. Usivunje tawi ili kiota kionekane, kwani jani ulilolivunja ndilo lililokuwa likimficha mtoto asionwe na kunguru. Usimmulike bundi taa ya kamera usoni. Usimfukuze ndege ili upate picha anaruka. Ngoja, ataruka mwenyewe. Hewa ya chumvi huila kamera, basi ifuteni kila mrudipo pwani. Na msikate tamaa: sisi katika picha mia mbili huwa tunapata tatu za kumwonesha mtu.

Hapo ndipo tulipokutana na swali la kwanza zito. Baba wa mwanafunzi wetu mmoja, mtu wa dini na mwenye kufuatilia, alikuja madrasa baada ya Sala ya Laasiri akatuuliza mbele ya wanafunzi: "Maalim, nyinyi ndio mnaowasomesha watoto wetu hadithi za makatazo ya kutia sura viumbe vyenye roho. Hii kamera ni nini?" Tulilipenda swali lake na tukamwomba akae kitako.

Hadithi hizo ni sahihi, na makemeo yake ni makali. Lililotokea ni kuwa ilipokuja kamera wanavyuoni walihitalifiana juu yake. Wapo waliosema picha ni picha, iwe kwa mkono au kwa chombo, na wakaikataza ila kwa dharura kama paspoti. Wapo waliosema kuwa kamera haiumbi sura bali hushika kivuli cha kile alichokiumba Mwenyezi Mungu (S.W.), kama kioo kinavyoshika uso wako, isipokuwa kioo hakikihifadhi. Miongoni mwa walioandika juu ya kuruhusu ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya ishirini, na wengi wa zama zetu wamefuata njia hiyo. Sisi tumeichukua kauli hii kwa sababu tunaiona ina nguvu, hasa pale picha inapokuwa ya kujifunza na si ya kutukuzwa. Lakini hatukumlazimisha mzazi yule. Tulikubaliana kuwa mwanawe atakuja matembezini na darubini na daftari, kamera hataishika. Na tunasema kweli, kijana yule sasa anatushinda sote kwa kutambua sauti, maana mwenye kamera hushughulika na kamera.

Swali la pili lilikuwa manati. Hili hatukuulizwa na mtu, tulilikuta. Vijana wengi wa mashamba yetu wana manati mfukoni, na wengine ni mafundi wa ulimbo, wanaoupika kutokana na utomvu wa fenesi na kuupaka vijitini. Ninga ni nyama tamu, wanatuambia. Na ninga wataalamu wanamhesabu miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka. Yeye anategemea miti mikubwa yenye matunda, na miti hiyo imepungua tangu zamani. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na baada ya hapo Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kuu la karafuu. Misitu ikafyekwa ikapandwa mikarafuu. Bundi, chozi na kinengenenge walizoea, mikarafuuni wamo. Ninga hakuzoea vyema kama wenzake. Msitu mkubwa uliobakia kwetu ni Ngezi, kule kaskazini magharibi, kilomita za mraba kumi na nne na ushei tu.

Hatukuwahutubia vijana juu ya nyama. Ndege wa halali ni halali, na mwenye njaa hasomeshwi. Lakini tuliwasomea habari za Ibn Umar (R.A.) alipowakuta vijana wamemfunga ndege wanamfanya shabaha, na laana iliyotajwa kwa mwenye kufanya hivyo. Na tukawasomea kisa cha yule ndege aliyekuja akipigapiga mbawa zake juu ya masahaba waliochukua makinda yake safarini, na amri ya Mtume (S.A.W.) kuwa arejeshewe wanawe, kama alivyopokea Abu Dawud. Baadhi waliacha. Baadhi hawakuacha. Mmoja katika waliokuwa mafundi wa manati, kijana wa miaka kumi na minne, alianza kuja nasi kwa udadisi tu, na ikawa yeye ndiye anayetuonesha ninga. Macho yake yamezoea. Husema "pale, Maalim, tawi la tatu," na sisi tunahangaika na lenzi dakika tano. Bado huuliza kila mara ni ninga yupi amenona.

Wanaotaka kujua nafasi ya ndege katika maisha ya mtoto wa Kiislamu na warejee hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege yule alipokufa Mtume (S.A.W.) alimkuta mtoto ana huzuni, akamtania kwa upole kumuuliza habari za ndege wake. Mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, Ibn al-Qass, aliandika risala nzima juu ya hadithi hii fupi na akatoa ndani yake faida zaidi ya sitini. Sitini, katika maneno machache kwa mtoto aliyefiwa na ndege! Wapo wanavyuoni waliotoa humo ruhusa ya kumfuga ndege kwa sharti la kumlisha na kutomtesa, basi hatusemi kuwa kila tundu ni haramu. Tunasema tu kuwa ninga wa Pemba tunduni hana raha.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa la bundi, na tumelipata ruhusa kulieleza.

Mwaka 2022, katika kijiji kimoja kisicho mbali na madrasa, bibi wa mwanafunzi wetu aliumwa akawa hatoki kitandani. Nyuma ya nyumba yao pana mikarafuu na mdarasini mkubwa, na bundi akawa analia hapo kila usiku. Sauti ya bundi wetu ni moja tu: "hu", kisha kimya, kisha "hu" tena. Anayeisikia usiku wa manane naye ana mgonjwa ndani, tunakubali, haipendezi. Majirani wakaanza kunong'ona. Vijana wakaja na mawe na mienge. Kisha likatolewa shauri kuwa mdarasini ukatwe pamoja na mikarafuu miwili iliyogusana nao, na kila Mpemba anajua maana ya kukata mkarafuu unaozaa.

Mume wa mgonjwa alikuja kwetu baada ya Sala ya Isha. Tulijitayarisha kumsomea hadithi inayobatilisha mikosi, ile inayotaja haama, na maelezo ya Imam Nawawi kuwa katika tafsiri zake mojawapo ni ndege wa usiku ambaye Waarabu wa Jahilia walimwona ni nuhusi akitua nyumbani kwa mtu. Mzee akatukatisha. "Hadithi naijua, Maalim, nimeisoma kabla hujazaliwa. Mimi nataka kumwona."

Tulikwenda siku tatu. Mchana bundi huyu hukaa kimya ndani ya majani mazito, si juu sana, na rangi yake ni ya jani kavu. Siku ya tatu, karibu na saa kumi ya jioni, mjukuu ndiye aliyemwona. Tulipiga picha bila ya taa, tukavuta mpaka uso wake ukajaa kiooni: macho ya manjano, mdomo mdogo uliozama manyoyani, na kimo kisichofika rula ya skuli. Chakula chake kikubwa ni wadudu, tukamweleza mzee: panzi na nondo. Mzee aliitazama picha, akaichukua kamera, akaingia nayo ndani kwa mkewe. Tulimsikia bibi kutoka uani tulipokaa. "Kadogo hivi? Na watu wazima na mienge yao?" Akacheka mpaka akakohoa. Miti haikukatwa.

Mwezi wa Shaaban bibi yule alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu na ailaze roho yake pahala pema. Alikuwa na umri zaidi ya miaka themanini, na maradhi yake yalikuwa ya muda mrefu. Tulikwenda maziko, na tuliporudi makaburini mtu mmoja alituambia mbele ya wenzake: "Maalim, bundi wako kafanya kazi yake." Hatukumjibu. Msibani si pahala pa kubishana, na aliyefiwa alikuwa hatua tano kutoka tulipo. Alisikia. Alitushika mkono kama alivyowashika wengine, akapita.

Siku zile zilikuwa ngumu, hatuwafichi. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao katika matembezi. Mjukuu wa marehemu, yule aliyemwona bundi, alikuwa akija darasani na kukaa nyuma bila ya kusema. Ndipo tulipojua kuwa wenzake wanamwambia yeye ndiye aliyemzuia babu asikate miti. Mtoto wa miaka kumi na mbili! Tulimwita tukazungumza naye peke yake, si mara moja. Tulimwambia kuwa ajali ya bibi yake ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla bundi yule hajatoka yaini, na kwamba haizidi wala haipungui. Alituuliza: "Basi mbona kanyamaza baada ya bibi kufa?" Hatukuwa na jawabu la haraka, tukamwambia twendeni tukasikilize. Tulikwenda usiku, sisi, yeye na babu yake. Tulikaa ukumbini karibu saa nzima. Kisha bundi akalia, upande ule ule. Hakuwa amenyamaza, mtoto alikuwa akijifunika masikio alalapo.

Baadaye, katika miezi iliyofuata, walizaliwa watoto katika nyumba mbili za jirani, na bundi akilia kama kawaida yake. Mzee akawauliza watu barazani, "Kwa hawa mbona hamsemi kaja kuwapongeza?" Wengine walicheka. Yule aliyetusema makaburini hakucheka, na mpaka leo hajabadili maneno yake. Mmoja wa wale watoto wawili amerudi matembezini. Mwengine hajarudi, na tunaheshimu rai ya mama yake.

Mwisho tuseme habari za wageni, maana Pemba si ya wenyeji peke yao. Kuanzia karibu mwezi wa Oktoba mpaka Aprili hivi, fukwe zetu hujaa ndege waliokimbia baridi ya kaskazini. Tunayempenda zaidi ni yule tunayemwita mla-kaa, mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Huyu huzaliana katika fukwe na visiwa vya huko Bahari ya Sham na Ghuba, Oman ikiwemo. Hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo analolichimba mchangani, kisha huja kwetu na mtoto wake, ambaye huendelea kuomba chakula hata huku ugenini. Watoto wenye shangazi na wajomba Muscat wanampenda ndege huyu bila ya kushawishiwa. Tunawahesabu na kupeleka hesabu katika eBird, daftari la dunia nzima linaloendeshwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambalo mtu yeyote anaweza kuandika alichokiona, siku na pahala. Ukilifungua utaona sehemu nyingi za pwani yetu ya mashariki ziko tupu, maana wageni wenye darubini huenda Ngezi tu. Hizo tupu ndizo tunazozijaza, ufukwe mmoja baada ya mmoja.

Matembezi ni kila Jumapili baada ya Sala ya Alfajiri, na tunarudi kabla ya darsa za saa mbili. Mwanafunzi aje na ruhusa ya mzazi, daftari, maji ya kunywa na viatu vya kukanyagia tope. Manati abakishe nyumbani.

Na tuna shida moja tunaomba msaada. Katika ubao wa matangazo tumebandika picha ya ndege mdogo wa pwani, wa kijivu, miguu ya kijani, mdomo umenyanyuka kidogo kwa juu. Tulimpiga mwezi wa Januari maji yakijaa. Kijana wa darubini anasema ni huyu wa ukurasa wa juu kitabuni, kijana wa manati anasema ni huyu wa chini, na sisi tumeshabadili rai mara mbili. Wavuvi mnaomwona kila siku, piteni mtutajie jina mnalomwita.

Wabillahi tawfiq.